Ticha, Umechemka

Ilpo Savikurki alikuwa akikosea kwa makusudi. Ndiyo sifa iliyompatia jina katika idara yetu ya kemia, na ndiyo iliyomfichia siri alipoanza kukosea bila kukusudia.

Wanafunzi wa kemia wa mwaka wa pili hapa kwetu Ufini wanalazimika kusoma somo la kompyuta. Wanajifunza kuandika programu ndogondogo za kusoma vipimo vya maabara, kukokotoa na kuchora grafu. Hawalitaki. Walikuja chuo kikuu kuchanganya vitu kwenye chupa, vibadilike rangi, vitoe moshi, na Mungu akipenda vilipuke. Ukiwaketisha mbele ya kibodi wananuna kama watoto walionyimwa ruhusa ya kwenda kucheza. Ilpo alilijua hilo, na zamani, mimi mwenyewe nikiwa mwanafunzi wake wa safu ya nyuma, alibuni mchezo. Kila Ijumaa aliandika programu mbele ya darasa, herufi kwa herufi, ikionekana ukutani kwenye skrini kubwa, na katikati yake alipanda kosa moja. Atakayeliona anyooshe mkono na kusema, "Ticha, umechemka." Ilpo alijibu neno moja tu, "Thibitisha." Ukithibitisha, unapewa skonzi ya mdalasini na iliki iliyookwa asubuhi ile na Sirkka, mkewe. Wenzako wanabaki wakimeza mate.

Usiidharau skonzi. Nimeona vijana wazima, wamevaa ovaroli za chama chao cha wanafunzi zilizojaa viraka vya sherehe, wakiukodolea ukuta macho saa nzima kwa ajili ya skonzi, na huku wanajifunza bila kujua. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa nimeshaamua kuacha chuo mwaka ule, kila kitu kilinishinda, na ilikuwa Ijumaa moja ya mvua niliponyoosha mkono na mzee yule akaniambia, "Outi Lehtovirta, una jicho kali, usiende popote." Sikwenda popote. Mpaka leo niko hapa hapa; nilikuja kuwa msaidizi wake.

Makosa aliyopanda yalikuwa yale ambayo mwanakemia tu ndiye huyafanya. Kuna lile la joto. Hesabu za kasi ya mmenyuko zinataka joto la Kelvini, yaani uchukue nyuzi za kawaida uongeze mia mbili sabini na tatu. Yeye alijitia amesahau kuongeza, na kompyuta ikajibu bila haya kwamba maziwa yaliyoachwa mezani yatachacha baada ya muda mrefu kuliko umri wa dunia. Halafu kuna lile la logi, yaani logariti. Mwanakemia akitafuta pH ya maji anatumia logi ya kumi. Kompyuta haijui kwamba wewe ni mwanakemia. Ukiiandikia logi bila kutaja kumi inakupa logi asilia, ile inayofaa kwenye hesabu za kasi. Ilpo aliandika logi tupu, na maji safi ya bomba yakatoka na pH ya kumi na sita. Darasa likaangua kicheko, mkono ukapanda, skonzi ikaondoka.

Kazi yangu ilikuwa kuzunguka kati ya meza, kuwakwamua waliokwama, kuwakumbusha wahifadhi faili zao, na kukasirika. Nina hasira za karibu, sifichi. Mtu akiniambia kompyuta imemfutia kazi yake, najua ameifuta mwenyewe, na namwambia hivyo hivyo. Ilpo alikuwa akinicheka. Yeye hakuwahi kumkaripia mtu mbele ya kibodi, na wanafunzi wote aliwaita wapishi.

Msimu wa vuli uliopita alifanya kosa la joto Ijumaa ya pili, kama kawaida yake. Ijumaa ya tatu akalifanya tena.

Wanafunzi walifurahi. "Anatupima kama tumesahau," alisema Aliisa, binti mmoja mcheshi aliyekuwa akikaa mbele. Skonzi akaichukua Veeti Hautakangas, kijana mrefu aliyejaa mikono na magoti, ambaye alikuwa hajawahi kushinda kitu. Ilpo naye alicheka, ila alichelewa kidogo. Kabla ya kucheka aliitazama ile hesabu ukutani namna mtu anavyotazama barua iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua. Nikajua. Nilijitia sijui mpaka jioni, alipoingia ofisini kwangu na kufunga mlango.

"Outi, lile la leo sikulipanda."

"Najua."

"Umejuaje?"

"La kupandwa leo lilikuwa kubadilisha mihimili ya grafu. Hilo nalo umelifanya. Wameona moja, la pili limewapita."

Aliketi. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta, akaivaa, akaivua tena.

"Nimepigwa picha ya kichwa," alisema. "Daktari ni msichana mdogo, anaongea polepole kama anayemwongoza mtoto kuvuka barabara. Ameniambia ugonjwa wenyewe. Sirkka anajua. Sasa na wewe unajua."

Nikamuuliza kama anataka kahawa.

"Nitakunywa kahawa. Sikiliza kwanza. Krismasi nastaafu. Nimebakiwa na darasa hili moja tu, na nataka nilimalize kwa miguu yangu, wasijue. Nisaidie."

"Nikusaidie vipi?"

"Nikikosea kweli, nyoosha mkono kama mwanafunzi. Sema nimechemka. Watadhani ni mchezo ule ule."

"Na skonzi je?"

"Utakula wewe. Utanenepa, tukuone." Akatabasamu, kisha tabasamu likamwondoka. "Lakini kuna sharti. Kukosea si neno, nimekosea maisha yangu yote. Ila siku utakapoona siwezi tena kutofautisha la kweli na la uongo, niambie. Siku hiyo hiyo. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, na usiwaonee haya watu. Sitaki mpishi hata mmoja atoke darasani mwangu na uongo niliomfundisha mimi. Niahidi."

"Nakuahidi."

"Haya, lete hiyo kahawa."

Basi nikawa mwanafunzi uzeeni. Kila Ijumaa nilisimama ukutani na macho pima, nikiisoma kila herufi aliyoigonga. Lilipojitokeza kosa ambalo halikupandwa, mkono juu. "Ticha, umechemka." Yeye alijibu, "Thibitisha, Outi," kwa sauti ya kichokozi kama zamani, nami nilithibitisha polepole, kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajika, ili na yeye apate kunifuata. Kuna siku macho yake yaliniambia asante. Kuna siku yaliniambia kwamba hakuwa amenifuata hata kidogo, na siku hizo nilirudia tena, nikijifanya namweleza Veeti.

Wanafunzi walinichoka.

"Outi, unatuibia bwana," alisema Aliisa. "Wewe una mshahara, sisi tuna njaa."

"Soma uache kulalamika."

"Ticha, mkeo anajua skonzi zake zinaishia kwa nani?"

Darasa zima likacheka, na Ilpo akacheka kuliko wote. Nikaipokea skonzi yangu na kuila mbele yao, maana ndio ulikuwa mchezo. Ilikuwa laini, bado moto.

Sirkka nilikutana naye mara moja mlangoni pa jengo, ameshika kapu lenye kitambaa. Alizoea kuja na Ilpo sasa, akisema anapenda kutembea. Niliona amekonda. Nikamuuliza mzee anaendeleaje nyumbani.

"Alhamisi jioni anakuwa mzima kabisa," alisema. "Anakaa mezani anapanga kosa la kesho, anacheka peke yake. Siku nyingine ananiuliza kama leo ni Alhamisi."

Mwezi wa kumi na moja ukaingia, mwezi ambao kwetu hata asubuhi inaona uvivu kuamka. Theluji ilianguka, ikayeyuka, ikaanguka tena. Ijumaa ninayoisema ilikuwa siku ya kutafuta nishati ya kuanzisha mmenyuko. Unapima kasi kwenye joto la chini, unaipima tena kwenye joto la juu, na hesabu inakupa jibu. Ni hesabu ya kasi, kwa hiyo inataka logi asilia. Logi tupu.

Siku ile Ilpo aliandika vizuri ajabu. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, alisimulia huku anaandika, akatania jinsi asali inavyogoma kumiminika kwenye baridi, akakumbuka mia mbili sabini na tatu bila kusita. Nilikuwa nimesimama karibu na dirisha na moyo wangu ulianza kulegea. Hakuna kosa. Hata lile la kupandwa alilisahau, na sikujali. Nilijiambia kwamba zimebaki wiki chache tu, atafika. Nilifurahi, na nasema wazi kwamba kwa muda ule nilisahau kabisa kwamba anaumwa.

Wanafunzi walitafuta kosa wasilione. Saa ilikuwa inakwenda, watu wakaanza kutazama begi zao, na skonzi ilikuwa bado mezani. Ndipo Veeti akanyoosha mkono.

"Ticha, umechemka. Hiyo logi. Ulitufundisha mwenyewe, tusisahau kuandika kumi."

Kijana aliichukua ile ya pH na kuibandika hapa isipofaa. Ni kosa la mtu aliyesoma nusu, nami nimelisahihisha kwenye karatasi za mitihani hadi nimelichoka. Zamani Ilpo angelipokea kwa furaha, maana hapo ndipo alipopenda kufundisha. Angesema neno lake moja, kijana angejaribu kuthibitisha, angejikanyaga, wenzake wangemdaka, na mwishowe hakuna hata mmoja ambaye angesahau tena. Nikangoja aseme thibitisha.

Hakusema. Alitazama ukuta. Alimtazama Veeti. Alitazama tena ukuta, na nikaona mkono wake unakwenda kwenye kibodi taratibu, unaifuta logi iliyokuwa sahihi, unaandika logi ya kumi.

"Kweli kabisa," alisema. "Safi, Veeti. Njoo uchukue chako."

Kibodi zikalia chumba kizima. Wote walikuwa wanarekebisha. Aliisa, ambaye alikuwa ameandika sahihi tangu mwanzo, alifuta na yeye.

Sikuwa na muda mrefu wa kufikiri, lakini niliyafikiria yote. Ningeweza kuwaandikia ujumbe jioni, niseme kuna marekebisho madogo. Ningeweza kuwapita mmoja mmoja wiki ijayo, kimyakimya. Krismasi ilikuwa pale pale. Nani angekufa kwa logi moja? Halafu nikakumbuka jinsi alivyovua miwani ofisini kwangu, na sharti lake, na kwamba nilisema nakuahidi kwa mdomo wangu. Nikapiga moyo konde, nikanyoosha mkono.

"Naam, Outi?" Alikuwa bado anatabasamu. Alidhani nimeona jingine.

"Ya kwanza ilikuwa sahihi."

"Ipi?"

"Logi. Ulivyoiandika mwanzo."

"Jamani, huyu anaitaka na skonzi ya Veeti!" alisema mmoja kutoka nyuma, na watu wakacheka. Kicheko kilikwenda kikafika mbele, kikafa, kwa sababu Ilpo hakucheka na mimi sikucheka.

"Una hakika?" aliniuliza.

"Nina hakika, Ilpo."

Akageukia ukuta, akasimama mgongo kwetu. Nilijua anasoma mstari ule, na nilijua anausoma tena. Hakuna aliyegusa kibodi. Alipogeuka alikuwa mtulivu, na hakumtazama mwingine yeyote ila mimi.

"Mimi sioni tofauti," alisema.

Nilitaka kwenda kumshika mkono. Sikwenda, maana tungelia wote wawili mbele yao. Alisogeza kiti, akakirudisha vizuri chini ya meza, akawaambia, "Wapishi, hili halikuwa la mchezo. Mnisamehe. Fuateni anachosema Outi." Kisha akachukua koti lake na kutoka. Tulimsikia akiteremka ngazi, na tulimsikia Sirkka chini akisema kwa mshangao, "Mbona mapema?"

Nilirudisha logi mahali pake. Nilieleza kwa nini. Sauti yangu ilikuwa kavu kama ya mtu anayesoma bei sokoni, lakini nilieleza mpaka mwisho, na niliwangoja wote wakafuta na kuandika upya. Kisha nikawaambia waende.

Veeti alinifuata kwenye korido. Skonzi ilikuwa mkononi mwake, haijang'atwa.

"Outi, sikujua."

"Hakuna aliyejua."

"Nilibahatisha tu. Sikuliona kosa lolote, muda ulikuwa unaisha, nikaona niseme chochote." Akaigeuza skonzi mkononi. "Ningenyamaza, si angemaliza?"

Ningemwambia kitu cha kumtuliza, lakini kama nilivyosema, nina hasira za karibu, na siku ile zilikuwa karibu zaidi. "Kula skonzi yako, Veeti," nilimwambia, nikaingia ofisini na kufunga mlango. Huko ndani nililia mpaka nikaumwa kichwa.

Darasa likawa langu. Ijumaa iliyofuata kapu lilikuwa mezani kabla sijafika, kitambaa juu yake, na Sirkka hakuonekana. Kwa hiyo nikaendeleza mchezo. Niliwaza kwamba hiyo ndiyo namna ya kumheshimu. Nikaandika programu ya kasi, na nikajitia nimesahau mia mbili sabini na tatu, kosa la mtoto, kosa ambalo walikuwa wamelinasa mara mbili tayari. Kompyuta ikajibu ukutani kwamba maziwa yatachacha baada ya umri wa dunia kupita na kupita tena.

Nikangoja.

Niliwaona wameliona. Aliisa alifungua mdomo, macho yetu yakakutana, akayainamisha. Veeti alikuwa anatazama vidole vyake. Kisha nikasikia kibodi moja, na nyingine, na zote. Walikuwa wanalinakili. Waliandika kosa langu kama lilivyo, wote, hakuna aliyeinua mkono, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kumwambia mtu mwingine tena kwamba amechemka. Nilisimama pale kama mwehu na skonzi yangu. Mwishowe nililisahihisha mwenyewe, na hawakucheka hata kuhusu maziwa.

Nilijaribu Ijumaa zote zilizobaki. Nilipanda makosa makubwa kama nyumba. Niliwasihi, nikawakaripia, nikawaambia Ilpo angechukia kuwaona hivi. Walitikisa vichwa kwa adabu na kuendelea kunakili. Somo walifaulu, wala si vibaya. Lakini mchezo ulikuwa umekufa siku ile, na mimi ndiye niliyeunyooshea mkono.

Ijumaa ya mwisho kabla ya Krismasi nilichukua skonzi ambayo haikupata mwenyewe, nikaifunga kwenye karatasi, nikaenda nayo kwao. Sirkka alinifungulia. Ilpo alikuwa jikoni, soksi za sufu miguuni, mwembamba kuliko nilivyomwacha, na alinitambua mara moja. Furaha yake ilinichoma.

"Outi! Leo Ijumaa?"

"Ijumaa."

"Umewapandia lipi?"

"La joto."

"La joto." Akapiga meza kwa kiganja, polepole. "Hilo ni tamu. Nani kalinasa?"

Sirkka alikuwa anamimina kahawa. Mkono wake ulisimama hewani. Nilimtazama yule mzee, aliyenifundisha kwamba kosa halina aibu, uongo ndio wenye aibu, aliyenichukulia ahadi nami nikaitimiza, na niliona ahadi ile ilimwachia nini.

"Veeti," nikasema.

"Yule mrefu?"

"Huyo huyo. Akathibitisha vizuri tu."

"Nilijua. Yule kijana ana jicho kali, mwambie asiende popote." Akaifungua karatasi, akaikata skonzi na kunipa kipande, akala chake taratibu huku anatazama nje, ambako jirani alikuwa anazoa theluji. Tulizungumza kidogo juu ya jirani. Kisha akanigeukia, uso umechangamka.

"Haya, niambie. Darasa la leo, nani kalinasa?"

"Veeti," nikasema tena.

Alifurahi tena. Tulikunywa kahawa. Alipouliza mara ya tatu sikuweza kufungua mdomo, na Sirkka, ambaye hajawahi kumwona kijana yule hata siku moja, ndiye aliyejibu.

"Ni Veeti, Ilpo," alisema, akimpangusa makombo kwenye sweta. "Yule mrefu."